Maneno Marefu ya Kiingereza Yenye Mkia Mmoja



Katika kila jalada la chama cha msingi mkaguzi hukuta karatasi za namna mbili. Za kwanza ni zile zilizoandikwa na chama chenyewe: mihtasari ya mikutano, hati za malipo, orodha za wakulima na kilo zao. Hizo zimeandikwa kwa Kiswahili, na kila mwanachama ajuaye kusoma huzielewa. Za pili ni zile zitokazo nje: mikataba ya mikopo, barua za benki, masharti ya bima na taarifa za hesabu. Nyingi miongoni mwa hizo bado huandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna maneno marefu yanayofanana hata msomaji asiyeyazoea huyadhani kuwa ni watoto wa mama mmoja. Maneno hayo yote huishia kwa herufi tano zilezile: A, T, I, O na N.

Makala hii yakusudia kuyaeleza baadhi ya maneno hayo: asili yake, maana yake katika kazi za chama, na hasara iwezayo kutokea endapo neno litachukuliwa kwa maana isiyo yake. Siyaandiki haya kama mwalimu wa lugha, maana elimu yangu ni ya sekondari tu. Nayaandika kwa sababu neno moja kati ya hayo lilinishinda mimi mwenyewe, na waliolipa gharama ya kushindwa kwangu ni wanachama.

NENO LILILONISHINDA

Miaka mingi imepita tangu siku hiyo. Nilikuwa mkaguzi mpya, nami nilitumwa kukagua chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Chama hicho kilikuwa kimekopa fedha benki ili kutengeneza ghala na kununua mizani. Msimu ule bei ikaanguka, na chama kikashindwa kulipa hata riba ya mwaka. Ndipo benki ilipoleta barua ya kurasa mbili, ikitaka uongozi utie sahihi.

Katibu Meneja wa chama hicho alikuwa mtu mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri na vitabu safi. Aliisoma barua ile akakuta neno "capitalization". Alikwisha kulijua neno "capital", kwamba ni mtaji. Basi akawaeleza wajumbe wa Bodi kwamba benki imeona shida ya chama na imekubali kukiongezea mtaji. Wajumbe walipiga makofi. Liliandikwa azimio la kuishukuru benki, na Mwenyekiti na Katibu wakatia sahihi zao.

Nilipofika nililisoma azimio lile pamoja na nakala ya barua. Kwa hakika sikulifahamu neno lile. Lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe, nina kalamu ya wino wa kijani mkononi, na wote waliokuwapo waliniona kuwa msomi. Niliona haya kuuliza. Nikaweka alama yangu pembeni mwa ukurasa, nikafunua ukurasa uliofuata.

Msimu wa tatu kahawa iliuzwa vizuri, na wanachama walikaa wakingojea malipo ya pili. Malipo hayo hayakuja. Fedha zilikatwa benki kulipia deni lililokuwa limekua kuliko walivyodhani. Mzee mmoja alinikuta nje ya ofisi ya chama, akanishika mkono kwa upole, akaniuliza, "Bwana Mkaguzi, ule mtaji tulioupigia makofi uko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijapita neno nisilolijua bila kulisimamisha na kulihoji.

MKIA HUO UMETOKA WAPI

Herufi hizo tano ni mkia uliotoka katika lugha ya Kilatini. Ukapita katika Kifaransa, kisha ukaingia katika Kiingereza. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandi katika Ufaransa, alivuka bahari akaiteka Uingereza. Tangu hapo, kwa muda wa karne kadhaa, mambo ya mahakama, ardhi na kodi yaliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini, wakati mkulima wa Kiingereza alizungumza lugha yake mwenyewe shambani. Ndiyo maana hata leo maneno ya Kiingereza ya shamba na nyumbani huwa mafupi, na maneno ya hati na hesabu huwa marefu.

Yafaa tujue kwamba Waingereza wenyewe waliudhika na hali hiyo. Mwaka 1362, katika utawala wa Mfalme Edward wa Tatu, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba mashauri ya mahakama yazungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikujulikana vya kutosha na watu. Hata hivyo kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, mpaka mwaka 1733 ndipo zilipoanza rasmi kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mkulima wa Kiingereza wa zamani naye alisimama mbele ya karatasi asiyoielewa, kama anavyosimama mwanachama wetu mbele ya mkataba wa mkopo. Hapa Tanzania, mwaka 2021, sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mkataba uliomo jalani leo haubadiliki lugha kwa sababu sheria imebadilika. Wapaswa kueleweka ulivyo.

Kazi ya mkia huo ni nyepesi. Hugeuza tendo kuwa jina la tendo. Sisi tukitaka kufanya hivyo hubadilisha mwanzo na mwisho wa neno: kutokana na "kagua" twapata "ukaguzi", na kutokana na "andikisha" twapata "uandikishaji". Kiingereza huacha mwanzo kama ulivyo na kubandika mkia nyuma: kutokana na "register", yaani andikisha, hupatikana "registration".

Mkia huo si mgeni kabisa kwetu. Neno letu "stesheni" limetokana na "station", ambalo asili yake katika Kilatini ni kusimama; ni mahali gari moshi linaposimama. Na wazee waliohamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wanalikumbuka vema neno "operesheni", lililotokana na "operation", ambalo asili yake ni kazi.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: ukikutana na neno refu la namna hiyo, ukate mkia kwanza, kwa sababu mkia hausemi neno ni la heri au la shari. Kisha uangalie kichwa na kiwiliwili. Kanuni ya pili ni kwamba kichwa nacho chaweza kudanganya, kama tutakavyoona.

MANENO YA MKOPO

"Capitalization" lina herufi 14. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kichwa, na ndilo lililozaa neno la mtaji. Katika barua nyingine huweza kweli kuhusu mtaji wa shirika, kwa hiyo Katibu wetu hakuwa mjinga. Aliyemponza ni jirani wa neno hilo. Baada yake lilifuata neno "interest", yaani riba. Yakiwa pamoja, maana yake ni kuipandisha riba isiyolipwa juu ya kichwa cha deni, ili nayo itozwe riba.

Tuchukue mfano. Chama kimekopa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu hakikulipa kitu. Iwapo riba inahesabiwa juu ya deni la awali peke yake, kila mwaka ni shilingi 1,800,000, na mwisho wa miaka mitatu deni lote ni shilingi 15,400,000. Lakini riba ikipandishwa juu ya deni kila mwaka, mwisho wa mwaka wa kwanza deni ni shilingi 11,800,000. Mwisho wa mwaka wa pili ni shilingi 13,924,000. Na mwisho wa mwaka wa tatu ni shilingi 16,430,320. Tofauti ni shilingi 1,030,320. Hiyo ndiyo bei ya neno moja katika mkopo mdogo, na katika mkopo mkubwa huzidi kwa kadiri ya ukubwa wake.

"Amortization" lina herufi 12. Ndani yake mmefichwa neno la Kilatini la kifo. Maana yake ni kuliua deni polepole, kwa malipo ya vipindi, mpaka life kabisa. Neno hili ni la heri, na Katibu anapaswa kudai jedwali lake kabla ya kupokea mkopo. Jedwali hilo huonyesha, katika kila malipo, kiasi gani ni riba na kiasi gani kinapunguza deni lenyewe. Wanachama wengi hushangaa kuona kwamba wamelipa mwaka mzima na deni halikupungua sana. Ni kwa sababu mwanzoni, deni likiwa kubwa, riba nayo ni kubwa na hula sehemu nono ya malipo. Kadiri deni linavyopungua ndivyo sehemu ya riba inavyopungua.

"Acceleration" lina herufi 12. Asili yake ni wepesi wa mwendo. Katika magari ni kuongeza mwendo, na katika mkataba wa mkopo pia ni kuongeza mwendo, lakini ni mwendo wa kudaiwa. Kifungu chenye neno hili husema kwamba mkopaji akikosa kutimiza sharti fulani, pengine kwa kuchelewesha malipo mamoja tu, benki ina haki ya kudai deni lote kwa mara moja, hata kama lilikuwa limepangiwa miaka mitano. Katibu atafute katika mkataba ni makosa gani yanayoamsha kifungu hicho, na ni siku ngapi za kujirekebisha zinazotolewa.

"Hypothecation" lina herufi 13. Asili yake ni lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kuweka kitu chini. Ni aina ya dhamana ambayo mali hubaki mikononi mwa chama, lakini iko chini ya madai ya benki. Hapa ndipo vyama vingi huteleza. Mazao yamo katika ghala la chama, ufunguo uko kiunoni mwa mtunza ghala, kwa hiyo viongozi hudhani wako huru kumwuzia mnunuzi yeyote mwenye bei nzuri. Ikiwa mazao hayo yamewekwa chini ya dhamana ya namna hiyo, hayaruhusiwi kuuzwa kinyume cha makubaliano na benki. Ufunguo hauonyeshi haki ya kuuza. Mkataba ndio unaoionyesha.

MANENO YA VITABU VYA HESABU

"Reconciliation" lina herufi 14. Katika maisha ya kawaida ni upatanisho wa watu waliogombana. Katika hesabu ni kupatanisha daftari la fedha la chama na taarifa ya benki, kwa kuwa vitabu hivyo viwili aghalabu havisemi neno moja. Tuseme daftari la chama linaonyesha salio la shilingi 4,250,000, na taarifa ya benki inaonyesha shilingi 5,100,000. Asiyejua atafurahi kwamba benki imemzidishia. Lakini Katibu mwangalifu atagundua kwamba hundi za shilingi 1,000,000 alizozitoa bado hazijafikishwa benki, na shilingi 100,000 alizopeleka jioni hazijaingizwa. Kwa hiyo salio la kweli la upande wa benki ni shilingi 4,200,000. Akirudi katika daftari lake ataona kwamba hakuandika ada ya benki ya shilingi 50,000. Akiiondoa, naye hufikia shilingi 4,200,000. Wamepatana. Kazi hii ifanywe kila mwezi, maana ugomvi wa vitabu ukiachwa kwa mwaka mzima hugeuka kuwa ugomvi wa watu.

"Appreciation" na "depreciation" yana herufi 12 kila moja, na herufi kumi za mwisho ni zilezile. Hutofautiana kwa herufi mbili tu za mwanzo. Asili ya yote mawili ni neno la Kilatini la bei. La kwanza ni kupanda kwa thamani, la pili ni kushuka kwake, ambako katika hesabu za Kiswahili twakuita uchakavu. Kiwanja cha chama kilicho karibu na barabara mpya huweza kupanda thamani, lakini mashine ya kusaga, hata ikitunzwa namna gani, huchakaa. Mashine iliyonunuliwa kwa shilingi 6,000,000 na kutazamiwa kufanya kazi miaka kumi, ikihesabiwa kwa mafungu yaliyo sawa, huchakaa shilingi 600,000 kwa mwaka.

Hapa nataka kuondoa dhana moja. Niliwahi kuulizwa na mjumbe wa Bodi, kwa hasira ya haki, "Fedha za uchakavu zimewekwa wapi?" Alidhani kila mwaka shilingi 600,000 huwekwa sandukuni. Sivyo. Uchakavu ni gharama inayoandikwa kitabuni ili ziada ya mwaka isionekane kubwa kuliko ilivyo kweli. Hautoi fedha nje wala hauweki fedha ndani. Chama kikitaka mashine mpya baada ya miaka kumi, lazima mkutano uazimie kutenga fedha halisi na kuziweka benki. Chama kisichofanya hivyo hubaki na mashine kuukuu na tarakimu nzuri karatasini.

"Appropriation" lina herufi 13, na "misappropriation" lina herufi 16. Asili yake ni neno lenye maana ya kitu cha mtu mwenyewe. La kwanza ni kuipa fedha kazi yake, na katika taarifa ya hesabu ni mgawanyo wa ziada kama ulivyoamuliwa na mkutano mkuu: fungu hili la akiba, fungu hili la elimu ya wanachama, fungu hili la kugawiwa wanachama. La pili ni mtu kujipa mwenyewe fedha zilizo na kazi nyingine. Kwa Kiswahili twasema ubadhirifu. Herufi tatu za mbele ndizo zinazotenganisha azimio halali na kesi mahakamani. Kwa hiyo mwanachama akiliona neno la kwanza katika taarifa ya hesabu asiinuke kumshtaki mtu, na akiliona la pili asikae kimya.

MANENO YA UHAI WA CHAMA

"Amalgamation" lina herufi 12. Wenzetu wa Geita na kwingineko wanaochimba dhahabu kwa zana ndogo wanaijua asili ya neno hili kwa macho. Zebaki ikichanganywa na mchanga wenye dhahabu huzishika chembe, zikawa donge moja. Donge hilo ndilo lililolipa neno hili jina. Katika ushirika ni kuungana kwa vyama viwili au zaidi vikawa chama kimoja. Wanachama wakumbuke kwamba mali za vyama vinavyoungana huingia katika chama kipya, na madeni yake huingia pia. Kabla ya kupiga kura ya kuungana, ni haki ya kila upande kuona mizania ya mwenzake.

"Deregistration" lina herufi 14. Ni neno "registration" lililowekewa herufi mbili mbele, nazo zimeligeuza kabisa. Lile ni kuandikishwa kwa chama na Mrajis, na hili ni kufutwa kwake katika daftari la Mrajis.

"Liquidation" lina herufi 11, na ndilo fupi kuliko yote niliyoyahesabia herufi mpaka hapa, lakini ndilo zito kupita yote. Asili yake ni kitu cha majimaji. Ni kuyeyusha mali zote za chama, majengo, mizani, magari na samani, zikawa fedha za kulipia madeni. Kwa Kiswahili ni ufilisi, na anayeusimamia huitwa mfilisi. Kwa kawaida gharama za ufilisi wenyewe hutangulia, kisha wadai hulipwa, na wanachama hungojea mwisho kuona kama kuna kilichosalia kwa ajili ya hisa zao. Chama kikipokea barua yenye neno hili, hata kama ni onyo tu, isingojee kikao cha mwezi ujao. Itishwe Bodi siku hiyohiyo.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kuna neno moja nililoliweka kando kwa makusudi, nalo ni "authorization", lenye herufi 13. Maana yake ni idhini. Katibu hana idhini yake binafsi ya kukiingiza chama katika deni. Mkutano mkuu ndio unaopitisha ukomo wa madeni, na ukomo huo hupelekwa kwa Mrajis kuidhinishwa. Lakini idhini iliyotolewa na watu wasioelewa walichokiidhinisha ina kasoro kubwa, hata kama mihuri yote imegongwa. Wajumbe wa chama kile cha kahawa walitoa idhini, tena kwa makofi. Kwa sababu hiyo naomba kila chama kifuate utaratibu huu:

1. Barua au mkataba wa Kiingereza ukifika, Katibu aupigie mstari kila neno asilolijua kwa hakika. Neno analodhani analijua nalo alipigie mstari.

2. Aombe maelezo kwa maandishi, kwa Kiswahili, kutoka kwa yule aliyeuleta mkataba. Aliyeandika sharti ndiye wa kwanza kupaswa kulieleza. Kisha amwonyeshe Afisa Ushirika au mwanasheria maelezo hayo pamoja na mkataba wenyewe.

3. Kila sharti la fedha lifanyiwe mfano wa tarakimu. Tusiridhike na kuambiwa riba ni asilimia fulani. Tuulize, tusipolipa mwaka mmoja deni litakuwa shilingi ngapi, na tusipolipa miaka miwili litakuwa ngapi.

4. Maelezo ya Kiswahili yasomwe kikaoni na yaandikwe katika muhtasari kabla ya azimio. Mjumbe asiyeelewa aulize, na swali lake liandikwe pamoja na jibu.

5. Sahihi iwe jambo la mwisho. Mtu akiharakisha chama akisema leo ndiyo siku ya mwisho, hiyo ni sababu ya kuongeza uangalifu.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu utachelewesha mikopo na pembejeo zitachelewa. Huenda ni kweli kwa wiki moja au mbili. Lakini chama kile cha kahawa kilitia sahihi kwa dakika chache, na kililipa kwa misimu mitatu. Mwulizaji haoni hasara, na haya yangu ya siku ile iliwagharimu watu ambao hawakuwamo chumbani.

NENO LA MWISHO

Nimalizie kwa neno lililo juu ya mlango wa kila mmoja wetu. Kiingereza cha ushirika ni "co-operation", nalo lina herufi 11 na mkia uleule wa herufi tano. Ukilipasua utalikuta ndani yake lile neno la kazi tulilolitaja, "operation", na mbele yake herufi mbili zenye maana ya pamoja. Kwa hiyo Mwingereza anasema kufanya kazi pamoja. Sisi twasema ushirika, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuwa na sehemu katika jambo.

Maneno haya mawili yanakamilishana. Wanachama wa vyama vyetu wanafanya kazi pamoja: wanapalilia, wanavuna, wanapanga foleni mbele ya mizani. Lakini mkataba ukisomwa na mtu mmoja na kueleweka na asiye mwanachama, sehemu yao katika jambo hilo haipo, hata kama sehemu yao katika deni ipo kamili. Yule mzee aliyenishika mkono alikuwa na haki ya jibu kabla makofi hayajapigwa. Sikumpa. Makatibu wenzangu katika kazi hii, wapeni wanachama wenu.